Mita 60 Kutoka Wapi?

Mdogo wangu alinipeleka kukiona kiwanja kabla sijanawa uso. Nilikuwa nimefika Bukundi usiku wa kuamkia siku hiyo, mwili ukiuma kwa safari ndefu ya kutoka Mwanza kupitia Shinyanga na Mwanhuzi, lakini furaha yake haikuweza kusubiri chai. Tulishuka taratibu kwa dakika kumi hivi, tukapita kando ya shamba la pamba lililokwisha kuvunwa, kisha akasimama karibu na barabara na kunyoosha mkono.

"Kaka, ni hapa."

Kilikuwa kipande cha ekari moja, kimezungukwa na vigingi vinne vya mti. Pembeni lilisimama tanuru la matofali yaliyokwisha kuchomwa, limefunikwa nyasi. Alikuwa ameuza ng'ombe wanne ili afike hapo. Nyumba ingekuwa ya vyumba vinne na kibaraza. Upande wa barabara pangekuwa na chumba cha duka na banda la mashine ya kusaga. Kilichobaki ni mabati, na mabati ndiyo yaliyokuwa zamu yangu.

Nilitazama chini. Udongo ulikuwa mweusi, umepasuka kwa kiangazi, nyufa zake pana kiasi cha kuingia vidole vitatu. Kila mtoto wa Kisukuma anaujua udongo huo. Hiyo ni mbuga. Mvua zikianza huyanywa maji kwa pupa, huvimba, nyufa hufumba, na kisha hukataa kabisa kunywa. Maji yanayofuata hukosa pa kwenda, yakatandaa.

"Hapa maji hupita," nikasema.

"Maji yapi, kaka? Sisi ni watu wa ukame. Maji yakipita hapa tutayapigia vigelegele."

Hakusema uongo. Wilaya ya Meatu husikika zaidi kwa kukosa mvua kuliko kwa kuzidiwa nazo. Wageni wenye magari ya miradi wanaofika kwetu huja kuzungumzia visima, mabwawa na mbegu zinazostahimili jua. Hata sisi wenyewe tumezoea kujiita hivyo, kiasi kwamba mafuriko yakija tunayaita bahati mbaya badala ya kuyaita tabia ya nchi. Lakini Bukundi iko kusini mwa wilaya, upande ambao ardhi inateremka kuelekea bonde la Mto Sibiti, unaotoka Ziwa Kitangiri na kumwaga maji yake katika Ziwa Eyasi. Maji ya huku hayaendi baharini. Yanakusanyika katika mabonde yasiyo na mlango wa kutokea, na kabla hayajakusanyika huko hulala kwanza mashambani kwetu.

Aliponiona nimenyamaza, mdogo wangu akajaribu njia nyingine. "Basi sheria inasemaje? Wewe ndiye unayewafundisha watu."

"Mita 60 kutoka mtoni."

Akatazama huku na huku. Mbele yetu, mbali kidogo, kulikuwa na utepe wa mchanga mkavu ambao wanawake wawili walikuwa wanauchimba ili kupata maji ya kunywa. Huo ndio mto wetu kwa miezi mingi ya mwaka. Akautazama, akautazama uwanda mweusi uliotuzunguka, akanirudia.

"Kutoka wapi?"

Ndugu msomaji, nimesimama mbele ya wanafunzi kwa miaka kumi na minne nikizungumza juu ya sheria za ardhi na mipango ya makazi. Wanafunzi wameniuliza adhabu ni kiasi gani, mamlaka ni ya nani, na swali litatoka kwenye mtihani au la. Hilo la mdogo wangu hakuna aliyewahi kuniuliza. Nimekaa nalo tangu siku ile, na makala haya ni jaribio langu la kulijibu.

Tuanze na maandishi yenyewe. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa, ukingo wa mto, au bwawa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inaitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto miongoni mwa ardhi zinazoweza kutangazwa kuwa hatarishi. Namba ni moja kwa nchi nzima. Rufiji, wenye maji ya kubeba majahazi, umepewa mita 60. Korongo la Meatu linalotiririka wiki chache kwa mwaka limepewa mita 60. Faida ya namba kama hiyo ni kwamba hata mwenyekiti wa kitongoji anaweza kuikariri. Hasara yake ni kwamba inadhani kila mto una ukingo. Mto wetu hauna. Una mchanga katikati, kisha uwanda, na siku mvua inapokuwa kubwa uwanda wote huwa mto.

Ili nione vizuri udhaifu huo, nikafanya kile ambacho walimu hufanya wanapokwama: nikaenda kuona majirani wamejibuje. Nilichagua mahali ambapo ukingo angalau unaonekana kwa macho, yaani Ziwa Victoria, kwa kuwa miji mitatu mikubwa ya nchi tatu inalizunguka na kunywa maji yake. Mwanza, Kisumu na Kampala wana ziwa moja. Mvua inayolijaza ni ile ile. Lakini mvuvi akianza safari Mwanza, akalala Kisumu na kuishia Kampala, atakuwa amekutana na mistari mitatu tofauti juu ya mahali ambapo mwanadamu anaruhusiwa kuweka msingi wa nyumba.

Mwanza ina mita 60 zetu.

Kampala inaongozwa na kanuni za Uganda za mwaka 2000 kuhusu ardhioevu, kingo za mito na fukwe za maziwa. Kwa maziwa makubwa yaliyoorodheshwa, Victoria likiwemo, eneo la hifadhi ni mita 200. Mito mikubwa iliyoorodheshwa imepewa mita 100, na mito mingine mita 30.

Kisumu inaongozwa na kanuni za maji za Kenya, ambazo tangu mwaka 2007 zimechukua njia nyingine kabisa. Ukingo wa mto unaohifadhiwa hulingana na upana wa mto wenyewe: hauwi chini ya mita 6, wala hauzidi mita 30 kila upande. Kwa ziwa, mstari ni mita 2 za kupanda juu au mita 30 za kwenda mbele, yoyote iliyo fupi, kuanzia kimo cha juu kabisa cha maji kilichowahi kurekodiwa.

Msomaji wa haraka atatangaza mshindi papo hapo: Uganda ni wakali, Kenya ni walegevu, sisi tuko katikati. Mimi mwenyewe nilikuwa nikifundisha hivyo. Swali la mdogo wangu lilinifanya nirudi kusoma tena, safari hii nikiiacha namba na kutafuta mahali kamba inapoanzia. Hapo ndipo picha ilipogeuka.

Mita 200 za Uganda kandokando ya ziwa huanza kupimwa kwenye alama ya maji yanapokuwa chini. Za Kenya huanza pale maji yalipowahi kufika juu kabisa. Zetu, kwa maneno ya kifungu chenyewe, ni mita 60 tu, bila kueleza ni ufukwe wa kiangazi au wa masika, wa mwaka wa njaa au wa mwaka wa gharika.

Je, tofauti hiyo ina uzito? Ziwa lenyewe limejibu. Kati ya mwaka 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2. Kwa zaidi ya nusu karne watu walilichukulia jambo hilo kuwa hadithi ya wazee. Mwezi wa Mei mwaka 2020 maji yakakifikia kimo kile na kukipita, na mwaka 2024 yakapanda tena hadi kuzidi yale ya 2020. Sasa chukua ufukwe wa mteremko mdogo, wenye kupanda mita 1 katika kila mita 100 za kwenda mbele. Fukwe za namna hiyo zipo. Ziwa likipanda mita 2, maji yatasogea nchi kavu mita 200. Yaani eneo zima la hifadhi la Uganda, likipimwa kutoka alama ya chini, linaweza kumezwa, na aliyejenga hatua moja nje ya mstari akawa ametii sheria huku amesimama ndani ya maji. Mita zetu 60 humezwa ziwa likipanda sentimita 60 tu.

Kenya nao wasijisifu mapema. Wameanza mahali sahihi, wakaishia kuwa wachoyo. Wanaliuliza ziwa, "Uliwahi kufika wapi?", na hilo ni swali la mtu mwenye busara, lakini jibu likipatikana huongeza mita 30 tu, au pungufu. Ziwa likivunja rekodi yake, kama lilivyofanya mara mbili ndani ya miaka minne, mstari nao unatembea, na nyumba iliyokuwa halali jana inaamka ikiwa na kesi.

Hivyo kila jirani ana kitu cha kumfundisha mwenzake. Uganda wana upana. Kenya wana kumbukumbu. Sisi tuna wepesi wa kukariri. Kama ningepewa kalamu leo ningechukua upana wa Kampala, nikauanzisha pale Kisumu wanapoanzia, kisha nikauandika kwa maneno machache kama tulivyoandika sisi. Lakini sidhani kama hapo ningekuwa nimemaliza kazi, kwa sababu ukishayaweka kando maandishi na kutembea mitaani, miji hii mitatu inafanana mno.

Nenda Mabatini jijini Mwanza, Mto Mirongo unapojaa. Nenda Nyalenda kule Kisumu. Nenda Bwaise mjini Kampala, mtaa uliokaa katika ardhioevu ya Lubigi. Ukifuta lugha inayozungumzwa na rangi za bendera, hutajua uko nchi gani. Utaona ukuta wenye mstari wa tope kifuani. Utaona kitanda kilichonyanyuliwa kwa matofali, na mama anayeeleza kwa utulivu wa kutisha ni mwezi gani maji huja. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyejenga akisoma kanuni za mita 30 au 60 au 200. Alijenga pale ambapo kiwanja kilimfikia bei. Sheria ilimkuta ndani.

Na sheria inayomkuta mtu ndani huja na tingatinga. Juni 2024 mamlaka ya mazingira ya Uganda ilibomoa nyumba nyingi katika ardhioevu ya Lubigi. Agosti 2018, kule Nairobi, jengo la biashara la Ukay huko Westlands liliangushwa kwa kuwa lilikaa kando ya mto, baada ya kufanya biashara mchana kweupe kwa miaka mingi. Mei 2024, baada ya mafuriko makubwa, ilikuwa zamu ya wakazi wa Mathare. Serikali ya Kenya ikatangaza shilingi 10,000 za huko kwa kila kaya iliyoondolewa.

Kwetu Dar es Salaam hadithi ni ndefu zaidi. Bonde la Msimbazi lilikuwa limetengwa kama eneo la hatari tangu Mpango Kabambe wa Jiji wa mwaka 1979. Watu wakaingia hata hivyo, wakaunganishiwa umeme na maji, wakapiga kura na kusomesha watoto. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wapatao 40, na baadhi ya walionusurika wakapelekwa Mabwepande. Desemba 2015 zikaja alama za X nyekundu na tingatinga. Katikati ya matukio hayo, bonde lile lile lililosemwa si mahali pa nyumba lilionekana kuwa mahali pazuri pa kuweka karakana ya mabasi ya mwendokasi, pale Jangwani. Maji, ambayo hayasomi nembo ya mmiliki, yameitembelea karakana hiyo zaidi ya mara moja.

Ningeweza kuishia hapa, nimeilaumu serikali, nikakusanya pongezi zenu. Lakini siku ile Bukundi, nilipomwambia mdogo wangu kwamba sitatoa mabati kwa nyumba ya bondeni, alinijibu kwa sauti ya chini: "Kaka, na wale uliowapimia viwanja, uliwaambia mita 60?"

Ni mtu mmoja tu duniani niliyewahi kumsimulia, na ndiye huyo aliyekuwa amesimama mbele yangu.

Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, nimepelekwa mafunzo ya vitendo katika mji ambao sitautaja. Tulipewa kazi ya kupima viwanja pembezoni mwa mji. Ramani ilionyesha korongo likipita katikati. Tulipofika tukalikuta kavu, limeota majani, mbuzi wanalala ndani yake. Mkubwa wetu alilitazama kidogo, akasema tukivuta kamba hadi ng'ambo tutapata safu mbili zaidi. Mimi ndiye niliyeshika ncha ya kamba. Tuliongeza viwanja 22. Nilipokea posho yangu na alama nzuri kwenye ripoti ya mafunzo.

Miaka tisa baadaye nilipita mji ule kwa basi, wakati wa mvua. Basi lilisimama kwa kuwa barabara ilikuwa imefunikwa. Dirishani niliona nyumba zimesimama kwa mstari ulionyooka vizuri sana, mstari wetu, na katikati yake maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mama mmoja alikuwa mlangoni akichota maji ya ndani kwa sufuria na kuyamwaga nje, yakawa yanarudi. Juu ya bati la nyumba ya jirani walikuwa wameanika godoro. Sikushuka. Ningeshuka nikamwambie nini? Kwamba kiwanja chake kilikuwa na bikoni nne, kina namba, kimelipiwa, na kwamba kila kitu chake kilikuwa halali isipokuwa mahali penyewe?

Tangu siku ile nimeelewa kwamba mafuriko ya mijini huanza miaka mingi kabla ya mvua. Huanza saa nne asubuhi, jua likiwaka, watu watatu wamesimama na kamba, mmoja akisema, "Vuta kidogo tu." Hapo ndipo tingatinga la baadaye linapoanza kuunguruma. Na mwenye kamba huwa hayupo siku linapofika.

Jioni ile tulikwenda kwa baba mdogo, mdogo wa marehemu baba yetu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Tulimwamkia, akatuitikia, akatusikiliza hadi mwisho bila kukatisha, kama kawaida yake. Kisha akaomba fimbo yake. "Twendeni nikawaonyeshe mpaka," akasema.

Alitupeleka kwenye mkwaju mkubwa ulioko juu ya mteremko, mbali na mchanga wa mto. Akagusa shina kwa fimbo. Alikuwa mtoto wa miaka kama kumi, akatueleza, mwaka wa uhuru, mvua ilipokuja baada ya kiangazi kikali na kukataa kuondoka. Maji yalifika kwenye mizizi ya mkwaju huo. Akashuka hatua kadhaa, akatuonyesha jiwe. Hapa yalifika mwaka 1998, mvua za El Niño. "Maji hayaji kila mwaka," akasema. "Lakini njia hayajaisahau."

Nikamwomba mdogo wangu tuhesabu. Tukateremka hadi ukingoni mwa mchanga, kisha tukarudi tukipiga hatua. Kutoka mchangani hadi kiwanja chake zilikuwa hatua 310. Kutoka mchangani hadi kwenye jiwe la 1998, hatua 590. Hadi mkwaju, hatua 740.

Pigia hesabu, ndugu msomaji. Hatua 310 ni zaidi ya mita 200. Kiwanja cha mdogo wangu kilikuwa halali kwa sheria ya Tanzania. Kingekuwa halali kwa kanuni za Kisumu. Kingekuwa halali hata kwa mita 200 za Kampala. Na kwa kumbukumbu ya mtu mmoja aliye hai, kilikuwa ndani ya maji mara mbili.

"Sasa kwa nini watu wanakaa huku chini?" mdogo wangu akauliza, si kwa ubishi safari hii.

Baba mdogo akacheka. "Hatukuja. Tuliletwa." Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, familia zilizokuwa zimetawanyika kule juu zilihamishiwa sehemu tambarare ili zikae pamoja, karibu na njia, gari liweze kufika na shule iweze kujengwa. Shule ilijengwa, na mimi ni tunda lake, kwa hiyo sina ulimi wa kuibeza nia ile. Ila waliochagua mahali walitazama barabara. Hawakuuliza mkwaju.

Wasukuma walikuwa na ramani yao isiyoandikwa, nayo ilikuwa imefichwa katika majina ya udongo. Juu, karibu na mawe, kuna luseni, udongo wa kichanga usiotuamisha maji. Huko ndiko makao yalikokuwa. Chini yake kuna itogolo, kisha ibambasi iliyo ngumu, na mwisho mbuga, mahali pa malisho ya kiangazi na mazao yanayopenda unyevu. Katika miaka ya 1930 mtaalamu Geoffrey Milne wa kituo cha utafiti cha Amani aliipa sayansi ya udongo duniani dhana ya katena, yaani mfuatano wa udongo kutoka kilimani hadi bondeni, kutokana na kazi yake katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Dunia ikajifunza kitu kwenye miteremko yetu. Sisi wenyewe tukaja kupima mita 60.

Sisemi turudi tulikotoka. Mdogo wangu alinikumbusha jambo ambalo wapenzi wa busara za zamani hulisahau. "Kaka, kule juu hakuna barabara. Duka langu litauzia fisi?" Ana haki. Mtu hajengi bondeni kwa ujinga. Hujenga kwa kuwa bonde lina barabara, wateja na mashine. Sheria inayosema "usijenge hapa" bila kujibu "basi nile wapi?" itavunjwa na watu wenye akili timamu.

Tulikaa hadi usiku tukizungumza, na suluhu aliitoa baba mdogo kwa sentensi moja: "Biashara ikalale bondeni, watoto walale juu." Nyumba ya matofali ikajengwe juu ya mkwaju. Kando ya barabara ajenge banda jepesi la miti, lenye mashine ya kufunguliwa na kuondolewa mawingu yakiwa mabaya. Maji yakija yataondoka na miti na udongo. Hayataondoka na mtu. Nilijikuta natabasamu, kwa sababu kifungu cha 57 nacho kinazungumzia shughuli za kudumu. Mzee ambaye hajawahi kukiona alikuwa amekitafsiri kuliko nilivyowahi kukitafsiri darasani.

Mabati nimetoa. Nimetoa pia pesa ya mkokoteni wa ng'ombe wa kupandishia matofali, safari baada ya safari, maana kama mimi ndiye ninayemhamisha, gharama ya kuhama haiwezi kuwa yake peke yake. Hilo nalo nimejifunza. Anayechora mstari anapaswa kulipa sehemu ya bei ya mstari huo. Mathare ililipwa shilingi 10,000. Wengi wengine, katika nchi zetu zote tatu, hulipwa notisi.

Kabla ya kuondoka nilimtembelea mwenyekiti wa kijiji. Nilimkumbusha kwamba Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na wilaya. Hatuna haja ya kungoja Dodoma ibadili mita 60. Kijiji kinaweza kuandika kwamba nyumba ya kulala haijengwi chini ya kimo ambacho wazee wanakumbuka maji yalifika, na kwamba kabla ya kugawa kiwanja chochote wazee watatu watembee mahali hapo na wagawaji. Kinaweza kuandika pia kwamba kimo hicho kitiwe alama ardhini, kwenye miti na mawe, ambako hata asiyejua kusoma ataiona. Aliniomba niandike ukurasa mmoja. Nimeuandika. Umo katika ajenda ya mkutano mkuu ujao, na ninajua ajenda zinavyoweza kusinzia.

Haraka yangu ina sababu. Baba mdogo amepita miaka sabini. Kenya wanaandika kimo cha juu kabisa cha ziwa katika daftari; Bukundi daftari hilo linatembea kwa fimbo, na macho yake yameanza kuingia ukungu.

Asubuhi ya kuondoka kwangu tulirudi mkwajuni sote watatu. Baba mdogo alikuwa na kopo la chokaa. Alichovya kitambaa, akalizungushia shina mkanda mweupe kwa mkono unaotetemeka, kisha akashuka na kulipaka lile jiwe la 1998. Mdogo wangu aliitazama mistari ile miwili kwa muda, akateremka bila kusema neno, na kutoka juu tulimwona anang'oa vigingi vyake, kimoja baada ya kingine.

Wewe unayesoma haya ukiwa Mabatini, Nyalenda, Bwaise au kijiji kisichomo katika ramani: kabla hujauliza sheria inasema mita ngapi, muulize mtu mzima wa hapo maji yaliwahi kufika wapi. Na kama wewe ndiye mwenye kamba, muulize kabla hujaivuta.